Kanisa dogo la Malindi na wiki sita baada ya pigo

Kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Juni, kanisa dogo la Malindi hupungukiwa na mambo mengi kwa wakati mmoja. Masika yameingia. Wenye mashamba Magarini, Kakuyuni na Langobaya wako shambani, na Jumapili nyingine hawaonekani. Hoteli za ufuoni zimefunga, au zimebaki na walinzi na watunza bustani. Wapishi, wahudumu na madereva wa tuktuk waliotoa sadaka nzuri mwezi wa Januari sasa wanatafuta nauli. Kusi limeanza kuvuma, na mwenye mtumbwi mdogo havuki miamba. Kule Gongoni na Marereni vibarua wa chumvi wamekaa nyumbani, maana mvua ikinyesha chumvi haivunwi. Na ni msimu huohuo ambao paa huvuja, malaria huzidi, na njia za ndani huwa tope tupu.

Pigo likija kanisani, mara nyingi huja hapo, au hapo ndipo linapoonekana. Mwinjilisti anaanguka mgonjwa. Hesabu za mhazini hazilingani. Kwaya inagawanyika, nusu inahamia kanisa la jirani. Kijana aliyetegemewa kushika ibada za vijana anapata kazi Mombasa na kuondoka kwa ujumbe mfupi wa simu. Tunaloamini, kwa kuangalia makanisa yanayosimama na yanayozimika katika ukanda huu, ni kwamba huduma haiuawi na pigo lenyewe. Huuawa na yanayofanywa katika wiki sita zinazofuata: uamuzi wa hasira, maneno ya mafumbo kutoka madhabahuni, mikesha inayoongezwa juu ya watu waliokwisha kuchoka, na ukimya juu ya fedha. Wiki hizo sita zinahitaji utaratibu, na utaratibu huo ni sehemu ya imani. Mungu hashindwi kufanya kazi kupitia daftari la hesabu na usingizi wa kutosha.

Eliya alilala kwanza

Anayetaka kujua la kufanya na mtumishi aliyevunjika moyo na asome 1 Wafalme 19 polepole, akiangalia mpangilio wa mambo. Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, kisha anakimbia tishio la Yezebeli, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Hakuna anayemhubiria. Analala. Malaika anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula tena, ndipo anaanza safari ya siku arobaini kwenda Horebu. Kule anaulizwa anafanya nini, naye anatoa malalamiko yake yote. Anaulizwa tena swali lilelile na kurudia malalamiko yaleyale, karibu neno kwa neno, na hakuna anayemkatiza. Baada ya hapo ndipo anapewa kazi tatu mahususi, mojawapo ikiwa kumtia mafuta Elisha, mtu wa kuipokea kazi yake. La mwisho kabisa ni kusahihishiwa hesabu: alidhani amebaki peke yake, kumbe wamo elfu saba.

Makanisa yetu hupenda kuanzia mwisho. Mtumishi akisema amechoka, siku hiyohiyo anaambiwa hayuko peke yake, anawekewa mikono, Jumapili anapewa zamu ya kuhubiri ili "atiwe nguvu". Fuateni mpangilio wa Eliya. Wiki mbili za kwanza ni za mwili. Apumzishwe zamu zote, hata za kufungua ibada kwa maombi. Apelekwe hospitali akapimwe malaria, damu, shinikizo la damu na sukari, kwa sababu uchovu mwingi unaoitwa vita vya kiroho ni ugonjwa wenye dawa. Mtu ambaye damu imepungua atasikia uzito kila asubuhi, hata akikesha akiomba. Wanawake wanaonyonyesha huku wakishika huduma mbili au tatu ndio husahaulika zaidi hapa. Wapelekewe chakula kilichopikwa, si unga na maharagwe ambavyo vitawaongezea kazi jikoni. Na kama halali usiku, au anasema hataki kuishi, hilo lisibaki mikononi mwa wazee wa kanisa: aonane na daktari siku hiyo, na asiachwe peke yake.

Wiki ya tatu na ya nne ni za kusikiliza. Achaguliwe mtu mmoja, wawili wakizidi, waende kwake mara mbili kwa juma wasikie. Akirudia jambo lilelile, waache alirudie. Wasilijibu wala wasilipeleke kwenye kikao. Katika siku arobaini za kwanza baada ya pigo, barua ya kujiuzulu isipokewe wala kukataliwa. Iwekwe kwenye bahasha, itiwe tarehe, isomwe siku ya arobaini na moja mbele ya mwenyewe. Huenda ataendelea na uamuzi wake, na hapo aachiwe kwa heshima. Lakini uamuzi utakuwa wa mtu aliyelala.

Kazi inarudi wiki ya tano, na inarudi ndogo kuliko ilivyokuwa. Aliyekuwa akihubiri, akifundisha ubatizo na kusimamia vijana apewe kimoja tu, tena akiwa na mwenzake wa kujifunza kando yake, kama Elisha. Kanisa la watu sitini linahitaji watu watatu wanaoweza kushika mahubiri. Likiwa na mmoja, linaugua siku anayougua yeye. Jedwali la miezi mitatu libandikwe ukutani, kila mhubiri awe na Jumapili moja kwa mwezi ya kukaa na familia yake kwenye benchi akisikiliza neno kama wengine. Yethro alimwona Musa akikaa kuamua kesi tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia wazi kwamba atajichosha yeye na watu pamoja naye. Shauri lake la kuweka wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi lingali shauri zuri, na kwa kanisa dogo la Ganda au Msabaha ngazi ya makumi peke yake yatosha.

Fedha za Januari na fedha za Mei

Hapa ndipo huduma nyingi za pwani hupotelea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kosa la msingi ni kupanga matumizi ya mwaka kwa sadaka ya kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi wageni wamejaa, Waitalia wamerudi kwenye nyumba zao, bahari ni shwari, samaki wanapatikana, na kapu linajaa. Kamati inakutana Februari, inapandisha posho ya mwinjilisti, inakopa vyombo vya muziki, inaahidi kumlipia mtoto yatima karo. Mei inafika na ahadi zote zimesimama palepale, ila fedha hazipo. Watu wanasema imani imepungua. Kilichopungua ni msimu.

Njia iliyo salama ni hii. Chukueni daftari la sadaka la miezi ishirini na nne iliyopita. Tafuteni miezi minne iliyo chini kuliko yote, mpate wastani wake. Huo ndio mpaka wa ahadi za kila mwezi. Tuseme kanisa hukusanya Sh48,000 Januari na Sh18,000 katika miezi mibaya. Posho ya mwinjilisti Sh10,000, mlinzi Sh5,000, umeme na maji Sh2,500: jumla ni Sh17,500, na imo ndani ya mpaka. Sh30,000 zinazozidi Januari hazina mwenyewe bado. Nusu yake, Sh15,000, iingie akiba hadi akiba itoshe kulipa matumizi ya lazima ya miezi mitatu, yaani Sh52,500. Robo iende kwenye jengo, robo kwa wahitaji. Miezi minne ya kaskazi ikiwa na ziada kama hiyo, nusu yake ni Sh60,000, na akiba imejaa kabla mvua haijaanza. Kanisa lenye akiba hiyo haliombi changizo mwezi wa Mei, wakati ambao kila nyumba inahesabu sufuria za unga.

Fungu la wahitaji lisimezwe na jengo. Katika miezi ya njaa ndilo linaloonyesha kwamba ushirika huu ni wa kweli. Lisimamiwe na watu wawili ambao si mchungaji wala mkewe, litoe vitu vidogo kwa haraka: nauli ya hospitali, dawa, mbegu. Mahindi ya kupanda yakitolewa Machi yana faida kuliko unga wa Julai.

Sasa, namna ya kushika fedha zenyewe. Sadaka ihesabiwe kanisani kabla watu hawajatawanyika, na watu wawili wasio ndugu wala wanandoa, waandike kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, waweke sahihi wote wawili. Mhazini hahesabu, yeye hupokea kilichohesabiwa na kukipeleka benki kesho yake. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, na fedha zitoke kwa sahihi za wawili. Sadaka za simu zisiingie kwenye laini ya mchungaji, hata akiwa mwaminifu kama Danieli, kwa sababu siku mtu atakapouliza, hataweza kuonyesha ipi ilikuwa sadaka na ipi alitumiwa na shemeji yake. Ichukuliwe nambari ya Paybill kwa jina la kanisa, na taarifa yake ya mwezi ichapishwe. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi hesabu isomwe: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Dakika nne zinatosha. Paulo alipobeba mchango wa makanisa kwenda Yerusalemu hakuubeba peke yake. 2 Wakorintho 8 inaonyesha alivyotuma ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu, akijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu vilevile.

Fedha zikiwa zimekwisha kupotea, mambo yaende kwa siku. Siku tatu za kwanza ni za kukusanya daftari, stakabadhi na taarifa za benki, na kuzipiga picha. Asitajwe mtu yeyote hadharani. Juma la kwanza, mtu anayejua hesabu kutoka kanisa jingine akae na wazee wawili wahesabu upya, naye mhazini awepo, apewe nafasi ya kueleza. Kuna upotevu ambao ni wizi, na kuna upotevu ambao ni mtu asiyejua kuandika hesabu aliyepewa kazi kwa kuwa ana sauti nzuri ya kuimba. Kabla ya siku ya kumi na nne kanisa liambiwe kiasi kilichokosekana, mlango uliotumika, na kilichobadilishwa. Wazee wengi huogopa siku hiyo. Lakini waumini karibu wote huwa wameshasikia, tena kwa kiasi kilichotiwa chumvi mara tatu. Kinachowakimbiza ni kuona wakubwa wao wananyamaza.

Utaratibu wa Mathayo 18, wa kumwendea ndugu faraghani kwanza, ni kwa ajili ya makosa kati ya ndugu. Mtoto akidhulumiwa kimwili au kingono kanisani, hilo si la kikao. Polisi na ofisi ya watoto wajulishwe siku hiyohiyo. Nambari ya simu ya msaada kwa watoto nchini Kenya ni 116, na kuipiga hakulipiwi. Mtuhumiwa aondolewe kwenye huduma zote za watoto papo hapo, awe nani. Kanisa linalomficha mtu wa namna hiyo ili kulinda jina lake limekwisha kuiacha huduma.

Kuhusu kufunga, baada ya Shakahola

Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, ndani ya Kilifi hii yetu, na kabla ya kazi kwisha zaidi ya miili 400 ilikuwa imetolewa ardhini. Watu waliambiwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Tangu hapo mwinjilisti anayebisha hodi Chakama au Langobaya hupimwa kwa jicho la pembeni, na ni haki ya wenyeji. Wapo wachungaji waliokata tamaa kwa sababu hiyo. Wengine wameamua kutotaja kufunga kabisa. Tunaona njia iliyo bora ni kufundisha kufunga kwa uwazi, kwa maandishi, na kwa mipaka ambayo jirani yeyote, Mkristo au Mwislamu, anaweza kuisoma ukutani.

Mipaka yenyewe: kufunga kwa kanisa kusizidi mlo mmoja au miwili kwa siku, na jioni watu wale. Maji yanywewe mchana kutwa, hasa Februari na Machi ambapo joto la Malindi linakausha mwili upesi. Watoto hawafungi. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee walio dhaifu, wenye kisukari, na kila anayetumia dawa za kila siku za kifua kikuu, virusi vya ukimwi, shinikizo au kifafa hawafungi chakula; waache kitu kingine, na wasiulizwe sababu mbele za watu. Hakuna anayefunga akiwa amefungiwa mahali. Mtu akisikia kizunguzungu, akichanganyikiwa, au akikaa saa nyingi bila kupata mkojo, kufunga kumekwisha. Na atakayekutwa amekaa siku kadhaa bila chakula asipewe sahani ya ugali kwa huruma. Apelekwe hospitali, kwa sababu mwili uliokaukiwa ukilishwa kwa wingi ghafla, madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kusimama.

Anayedai kwamba imani kubwa hukataa chakula asomewe Matendo 27. Chombo kinapigwa na dhoruba, watu 276 ndani yake, siku kumi na nne hawajala kitu cha maana. Paulo ndiye anayesimama kuwasihi wale, akisema ni kwa ajili ya kupona kwao. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula. Watu wa Malindi wanaijua bahari. Wanaelewa mara moja kwa nini nahodha anataka mabaharia walioshiba kabla ya kuogelea hadi pwani. Isaya 58 nayo ihubiriwe sambamba: saumu anayoitaka Bwana ni ile inayomgawia mwenye njaa chakula chako.

Miaka ishirini na tisa ya Rabai

Anayehesabu mafanikio kwa idadi ya viti vilivyojaa afahamu historia ya pwani hii. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Kabla ya mwezi wa Julai kwisha, mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walikuwa wamekufa, naye mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Mwenzake Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakahamia Rabai, karibu na Mombasa. Miaka ikapita bila waongofu wa kutajika. Krapf aliondoka kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki hadi 1875, miaka ishirini na tisa, akarudi kwao Ujerumani akiwa kipofu na kufariki mwaka uliofuata.

Ukiangalia walichokuwa wakifanya katika miaka hiyo kavu, ni kazi ambayo haikuhitaji umati. Waliandika maneno. Krapf alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mtu aliyeketi Rabai na daftari, akimuuliza mzee wa Kimijikenda jina la kila mti, hakuwa na ripoti ya kupeleka ambayo ingemfurahisha mfadhili. Kila huduma inahitaji kazi moja ya namna hiyo, inayoendelea hata watu wakiwa watano: kuwafundisha watu wazima kusoma, kutafsiri nyimbo kwa Kigiriama, kuandika kumbukumbu za wazee waliobatizwa zamani kabla hawajaondoka, kutunza bustani ya miche ya mwarobaini na mikorosho nyuma ya kanisa. Mwezi wa Mei ndio wakati wake.

Na hapa hapa mjini, kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti kilikuwapo tayari mmisionari Francis Xavier alipopita mwaka 1542 akielekea India. Alimzika hapa mtu mmoja wa chombo chake. Katika barua aliyoandika baadaye mwaka huo kutoka Goa anasimulia kwamba mzee mmoja Mwislamu wa Malindi alimlalamikia kwamba ibada imepoa: kati ya misikiti kumi na saba ya mji, mitatu tu ndiyo iliyokuwa na watu, nao wachache. Mzee huyo alitaka kujua kama kwa Wakristo hali ni hiyohiyo. Swali lake linawafaa Waislamu na Wakristo hata leo, na ni mwanzo mzuri wa mazungumzo na imamu wa mtaa kuliko hoja yoyote. Makanisa yanayodumu katika mji huu wenye Waislamu wengi ni yale yaliyozoea kuongea na jirani kabla ya ugomvi: kipaza sauti hushushwa wakati wa adhana, sherehe za kanisa hazipangwi saa ya futari, na msiba wa mtaa huenda wote.

Waliohama

Kanisa likigawanyika, orodha ya waliohama iandikwe mapema, kwa sababu baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka nani aliondoka kwa hasira na nani alihamia Mtwapa kutafuta kazi. Waende wawili kumtembelea kila mmoja ndani ya wiki ya pili hadi ya nne. Kabla ya hapo hasira ni mbichi. Baada ya hapo ameshazoea benchi jingine. Waende siku ya kazi jioni, wasiende Jumamosi wakaonekana wanawinda watu wa kesho. Aulizwe habari za nyumba: mtoto amepona, mvua imeshika shambani, kazi imerudi? Wasiulize alikuwa wapi. Wasitaje waliobaki. Akieleza kilichomuudhi, mmoja asikie na mwenzake asijitetee. Wanaporudi waandike jambo moja tu ambalo kanisa linaweza kulirekebisha.

Wengine hawatarudi, na si lazima warudi. Paulo na Barnaba walishindana juu ya Marko hadi wakaachana, mmoja Kipro na mwingine Shamu na Kilikia. Baadaye sana, karibu na mwisho, Paulo anamwagiza Timotheo amlete Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Kati ya ugomvi na agizo hilo kuna miaka mingi ambayo kila mmoja alifanya kazi yake. Kwa hiyo aliyehama apewe barua ya utambulisho aende nayo. Kumnyima barua ni kumfungia mlango wa kurudi.

Mazishi nayo yana nafasi yake hapa. Katika nyumba za Wagiriama hanga, yaani matanga, huchukua siku kadhaa na baadaye hufuata la pili, na aliyehama kanisa akifiwa, kanisa lake la zamani liende na lihudumu kama zamani: maji, kuni, viti, watu wa kulala matangani. Hapo ndipo urafiki hurudi bila mtu kuutangaza.

Paa, na daftari

Kusi likiezua paa mwezi wa Juni, msikimbilie kununua mabati siku hiyo. Wekeni turubai, hamisheni ibada chini ya mwembe au kwenye nyumba tatu nne za waumini, mkaangalie kilichosababisha. Paa la makuti lenye mwinamo mdogo halimwagi maji. Huyashika, makuti yanaoza kutoka ndani. Mwinamo wa digrii 45 ndio unaofaa, na makuti yashonwe kwa kubanana. Kama ni boriti zimeliwa na mchwa, makuti mapya yatakuwa hasara. Kwa upande wa mabati, geji 30 karibu na bahari hushika kutu mapema. Geji 28, iliyo nene zaidi, ni ghali zaidi lakini hudumu. Misumari ya kofia yenye mpira ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni, maana bondeni ndimo maji yanamopita. Ukingo unaotazama kusini uongezewe misumari na ufungwe kwa waya kwenye nguzo, kwa kuwa upepo hulishika bati kwa kuingia chini ya ukingo huo.

Ibada za nyumbani zilizoanza kwa sababu ya paa zisifungwe paa likikamilika. Watu wanane hadi kumi na wawili, jioni moja kwa juma, saa moja na nusu isiyozidi: zaburi, fungu moja la Injili, habari za kila mmoja, maombi, chai ya rangi. Nyumba ibadilishwe kila mwezi ili mzigo wa sukari usimwelemee mtu mmoja. Kikundi kikipita watu kumi na wanne kigawanywe.

Mwisho, kila huduma iwe na daftari lake, la karatasi ngumu, linalokaa kanisani na si nyumbani kwa kiongozi. Shule ya Jumapili waandike majina ya watoto na wazazi, somo lililofundishwa, walimu wawili waliokuwapo, na kilichokosekana. Anayetembelea wagonjwa aandike tarehe, mtaa, na jambo lililoombwa, bila kuandika siri za mtu. Kwaya iandike nyimbo, na funguo zake kama kuna mpiga kinanda. Kila baada ya miezi mitatu kiongozi na msaidizi wake wakae saa moja walipitie pamoja, waweke alama kwa yaliyofanyika, wahamishe yaliyobaki ukurasa mpya. Kijana akiitwa kazini Mombasa siku ya Alhamisi, Jumapili msaidizi wake afungue ukurasa huo aone watoto wamefika somo gani, ni nani mama yake amelazwa, na chaki zimebaki ngapi.